Shoka Aliloachiwa Ovide

Ovide Moostoos alimpiga bintiye mdomoni kwa gogo la kuni, meno yakaruka.

"Nani kakuleta humu, mwizi we?"

"Ni mimi Celestine, Baba. Nimekuletea supu ya samaki."

"Celestine mtoto mdogo. Wewe bibi kizee!"

Celestine angecheka, lau si ile damu.

Kichwa cha Ovide kilianza kuharibiwa zamani. Askari walimtoa angali mtoto kwenye hema la wazazi wake kando ya ziwa wakampeleka kwa nguvu shule ya bweni ya serikali, na huko kila alipotamka neno la Kikrii, lugha ya kwao, aligongwa kichwa ukutani mpaka azirai. Uzeeni alipoanza kusahau, kijijini hapakuwa na daktari. Aliyekuja kwa ndege alimtupia jicho tu, akasema ni pombe. Pombe gani, na Ovide hajawahi kuionja? Lakini Wakrii wakiugua, siku zote huambiwa wamejitakia. Na nyumba ya kutunzia wazee iko mjini, mbali, ambako wakali hufungwa vitandani. Celestine aliapa kwamba baba yake hatafia huko.

Bunduki aliificha. Shoka alimwachia. Kwa Wakrii wa pale, mwanamume asiyejipasulia kuni ni kama ameshazikwa, naye hakuwa na moyo wa kumzika baba akiwa hai.

Baada ya pigo lile la gogo, Celestine alikwenda zahanati kushonwa mdomo. Muuguzi akaita polisi.

Askari alimkuta Ovide uani anapasua kuni. Mzee akaona buti, akaona sare, akarudi utotoni palepale. Akainua shoka.

"Celestine! Kimbia! Wamekuja kuchukua watoto!"

"Tupa shoka, mzee, nitakupiga risasi!" Bastola ilikuwa imeshatoka.

Celestine akajitupa katikati yao. "Baba, watoto wameshajificha. Hatampata hata mmoja. Liweke chini."

"Wote?"

"Wote, Baba."

Akaliweka. Hapohapo askari akamwangusha, akamkandamiza goti shingoni, na uso wa mzee ukasagwa kwenye vibanzi mpaka pua ikavunjika. Celestine akamvuta askari kwa ukosi, akala kiwiko cha kifua, akaanguka. Baba yake akaburutwa hadi garini.

"Jifiche na wewe!" Ovide alinguruma, damu imemjaa kinywani. "Usitoke mpaka waondoke!"

Celestine, mwanamke mwenye wajukuu, akatambaa hadi nyuma ya lundo la kuni, akachutama, akajiziba mdomo kwa viganja, mpaka mlio wa gari ukapotea.