Funga, Fungua Tena

Siku hizi mtu akiniambia "funga, fungua tena", natoka nje nikapumue.

Msinicheke. Ngojeni niwasimulie.

Mimi ni fundi wa tovuti. Ofisini kwetu tuna ukurasa wa wachangia damu. Hospitali ikiishiwa inatuma ombi, linatokea kwenye simu za waliojiandikisha, likiwa na kitufe: NAKUJA. Ukibonyeza, ndipo unaambiwa hospitali gani. Kabla ya hapo ni siri, maana wapo watu wakijua mgonjwa alipo wanakwenda kumuuzia damu.

Ukurasa niliukuta umeshajengwa. Kazi yangu ilikuwa kujibu malalamiko, na lalamiko lilikuwa lilelile.

"Nabonyeza, hakiitiki."

Nikijaribu mezani kwangu, kinaitika bila shida. Basi nawajibu: funga, fungua tena. Wakifungua kinafanya kazi, wanashukuru. Nani atatafuta ugonjwa wakati dawa ipo?

Dada wa mapokezi aliwahi kuniuliza, "Kaka, mbona wanarudi walewale?"

"Simu zao mbovu," nikamjibu, nikaendelea na chai yangu.

Mdharau mwiba, guu huota tende.

Dada yangu akajifungua. Mtoto salama, mama damu haikatiki. Shemeji alinipigia analia, mwanaume mzima.

Nilimkuta dada midomo imepauka. Akanitazama akatabasamu.

"Mdogo wangu, si nyie ndio wenye ile ya damu?"

"Ndio sisi, dada. Ombi lako limeshatumwa. Watakuja."

Damu yake ilikuwa ile adimu. Mimi na shemeji tulishapimwa, hatufai.

Nikasimama koridoni. Simu ikatetemeka. Lalamiko: nabonyeza, hakiitiki.

Nilikereka, jamani. Mimi nasubiri damu, mtu ananiletea habari za vitufe! Nikamjibu jibu letu, nikarudisha simu mfukoni.

Jioni daktari akatoka, akavua glavu. Akatikisa kichwa. Shemeji akakaa sakafuni.

Nilitoka nje sijui naelekea wapi. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi. Aliponiona nayumba akanivutia kiti, akanipa maji.

"Pole, kijana. Umefiwa?"

"Dada yangu. Amekosa damu."

"Damu gani?"

Nikamtajia. Akaweka mashine chini.

"Mbona ndiyo yangu hiyo? Leo limeingia ombi. Ule ukurasa nauacha wazi kutwa, simu nimeiegemeza pale kwenye kioo, nisije nikapitwa. Nimebonyeza mpaka kidole kikafa ganzi. Nikalalamika, wakaniambia nifunge nifungue. Nilikuwa na mteja, kichwa nusu. Namaliza, nafungua, ombi halipo tena."

Akageuka akaitazama hospitali.

"Ni hapo tu? Si ningevuka!"

Sikuweza kumwambia aliyemjibu ni nani.

Baada ya mazishi ndipo nikafungua matumbo ya ule ukurasa. Ukifunguka, unapita kwenye kila kitufe kilichopo unakipa sikio, yaani amri ya kuitika kikibonyezwa. Ombi likiingia baadaye linakuja na kitufe chake, kina rangi yake na maandishi yake, ila ni kiziwi. Mgawa masikio ameshapita. Mimi mezani nilikuwa naufungua upya kila ninapojaribu, kwa hiyo sikuwahi kukutana na kitufe kilichochelewa. Walioumia ni wale waaminifu, wanaouacha wazi kutwa.

Dawa yake mistari michache. Sikio unaliweka kwenye boksi zima linalobeba maombi, basi kila kitakachoingia humo kitasikika. Niliimaliza kabla chai haijapoa.

Mtoto sasa anatambaa. Shemeji ananitambulisha kwa watu kuwa mimi ndiye mtaalamu wa familia, nami nainamisha kichwa.

Yule kinyozi ananinyoa hadi leo, na hela yangu haitaki.

"Hivi wale watu wa damu," huwa ananiuliza, "walishatengeneza kitufe chao?"

"Walishatengeneza, mzee."

Ndugu yangu unayesoma, mtu akikulalamikia jambo lilelile mara ya pili, acha chai umsikilize. Mimi nilikuwa kiziwi kuliko kile kitufe, na dada yangu hafunguliwi upya.