Jicho Walilomsingizia Mama Tyson

"Mimi ndiye niliyetapika, mama, lakini aliyeitwa mchawi ni Mama Tyson. Na kila Jumapili unamsalimia kama hakuna kitu."

Milcah alisema hayo akisugua sufuria. Mamake hakugeuka. "Hayo yaliisha. Kunywa chai yako."

Chai yake, yaani ile isiyo na sukari. Milcah ana miaka kumi na tisa, na tangu azaliwe mwili wake hauwezi sukari. Ikiingia inageuka sumu kwa ini. Babake ana ekari mbili za miwa hapa Shianda, na bintiye hawezi kutafuna hata pingili moja. Viazi vitamu, hapana. Ndizi mbivu na mandazi, hapana. Wenzake wakikimbilia trela kuchomoa miwa, yeye alikuwa anabaki kando na yai lake la kuchemsha, na harusini akikataa keki watu wakasema mtoto huyo anaringa.

Hayo aliyazoea. Kinachomchoma ni Mama Tyson, jirani.

Alipokuwa na miaka minne, kabla ugonjwa haujajulikana, alipenda kushinda kwa huyo mama. Na Mama Tyson, mkono wazi, alimpa viazi vitamu na chai tamu. Mtoto alirudi nyumbani akitapika, jasho baridi, macho yamegeuka. Ilipofika mara ya tatu watu wakaamua: huyo ana jicho, akimwangalia mtoto akila chakula kinakwama tumboni. Wazee wakamwita, wakamlazimisha amtemee mtoto maji tumboni mbele ya kijiji kizima ili jicho litoke, halafu atoe kuku wa kumlipa mganga. Akatoa. Tangu hapo akipita, akina mama wanafunika sahani za watoto.

Mwaka uliofuata daktari wa Kakamega akasema ni sukari. Nyumbani wakafunga midomo. Milcah mwenyewe alielewa akiwa darasa la sita, na naye akanyamaza. Hapo ndipo aibu yake ilipokaa.

Siku hiyo aliacha sufuria, akakamata kuku bandani. Mamake aliona, akainamia moto.

Mama Tyson alikuwa akipepeta maharagwe. Hatua chache nje ya ua wake, wanawake watatu walikuwa wakipukuchua mahindi.

"Mama, nimekuletea kuku," Milcah alisema chini chini. "Haikuwa jicho. Ilikuwa sukari. Tulijua."

"Sisikii."

"Ilikuwa sukari, mama."

"Mimi nilijua siku zote sina jicho. Unaniambia mimi ya nini? Walionitemesha maji hawakuninong'oneza. Sema wale wasikie."

Milcah alitamani ardhi impasukie. Akageukia wale wanawake, akasema yote tena kwa sauti: viazi, chai, daktari, na miaka yote waliyonyamaza. Mikono ikasimama juu ya mahindi.

Mama Tyson akachukua kuku, akampima uzito kwa kiganja.

"Yangu waliyompa mganga ilikuwa inataga," akasema. "Lakini haya. Imefika."