Eunike na Miguu ya Wazee

Mtu akitaka kazi kwa Eunike hakuulizwa amesoma hadi darasa la ngapi. Aliulizwa jambo moja tu: kwenu yuko mzee? Ukijibu yuko, Eunike alijitanda kanga yake ya pili, mkaongozana hadi kwenu, na mkifika hakukaa kitini wala hakugusa chai. Alikwenda moja kwa moja kwa huyo mzee, akachutama mbele yake, akampa shikamoo, kisha akaomba ruhusa amtazame miguu.

Watu walimcheka, na waliomcheka zaidi ni wale ambao wazee wao walikuwa na miguu isiyotazamika. Lakini hakuna mtu wa mitelemko ya Meru ambaye hakujua anachokitafuta. Funza hawana adabu. Wanakaa katika vumbi la zizi na la migombani, wanaingia chini ya kucha, wanataga, wanawasha, na usipowatoa utaoza vidole. Kijana hujitoa mwenyewe kwa pini au mwiba wa mlimau. Mzee ambaye macho yamekwisha na mgongo haupindi atavifikiaje vidole vyake? Ukimkuta mzee wa namna hiyo ana miguu safi, ujue katika nyumba hiyo yuko mtu anayechutama mbele yake mara kwa mara bila kutumwa na bila kusifiwa, kwa maana hakuna aliyewahi kusimamishwa kanisani akapigiwa makofi kwa sababu ya kutoa funza. Mtu huyo ndiye Eunike aliyemtaka.

Naye alikuwa na sababu ya kumtaka. Miaka michache baada ya vita vya Hitla, katika hospitali moja ya misheni juu kidogo ya Sekei, Eunike alikuwa msimamizi wa jengo lililoitwa Nyumba ya Chini. Humo walilazwa wale ambao ugonjwa wao hauna mwisho mwema: waliopooza, waliopofuka, na wazee walioletwa na jamaa zao ambao baadaye waliisahau njia ya kurudi. Kazi ya mle ndani ilikuwa kuosha, kulisha mtori kijiko kwa kijiko, kumgeuza mgonjwa asitoke vidonda, kufua, na kesho yake kuanza upya.

Wafanyakazi walikuwa wakichaguliwa na karani wa baraza la hospitali, Mwalimu Eliamini, mtu mwenye koti na sauti ya mimbarini. Yeye alitazama vyeti. Aliyemaliza darasa la nne aliandikwa, na asiyemaliza alionyeshwa mlango. Wakaja wasichana wenye magauni yaliyopigwa pasi, wakaondoka na magauni yao. Mmoja alikwenda kuwa yaya kwa setla mwenye shamba la kahawa. Mwingine aliolewa ghafla, na watu wakasema alichagua mume wa kwanza aliyepita. Mwingine aliacha karai limejaa nguo chafu, akaenda zake bila hata kuaga. Kila alipoondoka mtu, wazee walibaki wamelala ubavu uleule, na vidonda vikatokea. Mwishowe Bwana Daktari, Mzungu mwenye haraka, akatamka kwamba ikifika Pasaka na nyumba haina watu wanaodumu, ataifunga na wagonjwa watarudishwa kwao.

Eunike aliposikia neno "kwao" alipandwa na hasira. Alikuwa mjane, Mama Bariki kwa waliomwita kwa jina la mwanawe. Alimuuguza mama mkwe wake mpaka akamzika, na alijua kwao ni wapi kwa mtu ambaye kwao hawamtaki. Akaliendea baraza, akasema wamwache achague watu mwenyewe. Wakamwachia, labda kwa kuwa hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo.

Basi akaanza kutembea migombani akitazama miguu. Akampata Hanna, mwanamke aliyeachwa na mume, akiishi Levolosi kwa shangazi yake kipofu. Watu walisema Hanna ana mdomo mchafu. Eunike akajibu kwamba vidole vya shangazi ni visafi, na mdomo utafuliwa pamoja na shuka. Akampata na Sinyati, mama wa makamo kutoka upande wa Ngaramtoni, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, ambaye baba yake mzee alikuwa na miguu laini iliyopakwa mafuta ya kondoo. Wote wawili wakaingia kazini, mvua ikanyesha ikaisha, nao wapo. Vidonda vikaanza kufunga. Akahitaji mmoja tu wa kuongeza.

Hapo ndipo Mwalimu Eliamini alipomleta binti yake, Ruth. Cheti anacho, akasema, lakini mtazame utakavyo. Eunike akaenda. Mwalimu alikuwa amejenga nyumba ya bati, na nyuma yake ilibaki ile ya zamani ya nyasi, ambamo mama yake, Bibi Magdalena, aliishi ukuta kwa ukuta na ng'ombe, kama desturi ilivyokuwa. Bibi alikuwa haoni tena. Eunike akachutama, akamwamkia, akatazama: kila kidole kisafi kama cha mtoto wa kubatizwa. Moyo wake ukafurahi. Tena ilikuwa furaha ya kumshinda mwalimu nyumbani kwake mwenyewe, na furaha ya namna hiyo hupofusha. Kwa Wameru mjukuu wa kike ndiye mwenzi wa bibi. Wanalala pamoja, wanataniana, wanatunziana siri. Angekuwa nani mwingine? Akatoka nje, akamshika Ruth mkono, akamwandika.

Ruth hakumaliza mwezi. Siku ya kwanza alitapika, siku zilizofuata alilia, na adhuhuri moja akavua aproni, akaikunja vizuri, akarudi nyumbani. Hakuwa mtoto mbaya. Alikuwa mtoto wa darasani, na baadaye alifundisha watoto na wakampenda. Lakini Nyumba ya Chini haikuwa yake.

Mwalimu aliaibika, na mtu aliyeaibika hutafuta wa kumtwika. Mbele ya baraza alisema kwamba miguu imewadanganya, kwamba mambo ya kupiga ramli kwa vidole yakome, kwamba kuanzia sasa virudi vyeti, au nyumba ifungwe bila kungoja Pasaka. Walipangiwa kukutana Ijumaa ili waamue. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, Eunike alijiambia, ila lazima nijue koleo limevunjikia wapi.

Akarudi kwa Bibi Magdalena, akamuuliza Ruth alikuwa akimtoa funza lini.

"Ruth?" Bibi akacheka. "Ruth ananisomea Zaburi. Anasoma vizuri kweli. Miguu yangu ni ya Sironka."

"Mbona hukuniambia, Bibi?"

"Hukuniuliza. Ulitazama miguu, ukaacha kuuliza mikono."

Sironka alikuwa Mwarusha aliyeajiriwa kukata majani na kulisha ng'ombe wa mwalimu, mwanamume mrefu aliyelala upande wa pili wa ukuta. Eunike alimkuta anabeba mzigo wa majani, akamuuliza nani alimwagiza kumtunza yule mama. Sironka akashangaa. Akasema koko, kama Waarusha wanavyomwita bibi, huwashwa na kugumia, na yeye hawezi kulala mtu akigumia karibu yake. Kwa hiyo jioni, akimaliza kukamua, anatoa funza, anapaka mafuta, wote wawili wanalala. Hakuona kama kuna la kusimulia zaidi.

"Wako wengine wanaogumia," Eunike akamwambia. "Wengine ni wazee wa kiume, wanaona haya kuoshwa na wanawake wa umri wa binti zao. Utakuja?"

Akaja siku ya pili yake, baada ya kumuaga mwajiri wake kwa adabu. Mwalimu Eliamini akawaka. Alimfuata Eunike hadi kwenye kamba za kuanikia shuka, akasema kwamba sasa amepita mpaka: mwanamume, mchunga ng'ombe, hajabatizwa, hawezi hata kuandika jina lake.

"Wagonjwa wangu hawaombi kuandikiwa, Mwalimu," Eunike akasema, huku akiendelea kuanika. "Wanaomba kugeuzwa."

Akajibiwa kwamba Ijumaa ataondoka yeye na mchunga wake. Naye akasema sawa, lakini mpaka Ijumaa Sironka atafanya kazi, na atakula kwake Eunike kama baraza halitaki kumlisha. Akafanya kazi. Alimwinua mzee aliyepooza kama anavyoinuliwa ndama aliyezaliwa jana, kwa mikono miwili na bila pupa, na yule mzee, ambaye alikuwa akimtukana kila anayemgusa, akanyamaza.

Ijumaa ikafika. Baraza likaketi barazani mwa hospitali, Bwana Daktari akiwa katikati na Mwalimu akiwa na kalamu mkononi. Eunike hakungoja aulizwe. Aliweka funguo za Nyumba ya Chini mezani, akasema kwamba akiondolewa Sironka na yeye anakwenda, na Hanna na Sinyati wamesema watamfuata. Halafu wao wenye vyeti washuke chini wakaoshe watu. Mmoja wa wazee wa kanisa akaanza kumkemea kwa lugha hiyo, lakini hakufika mbali, kwa sababu machela ilikuwa inapanda njia, imebebwa na vijana wanne wa ukoo wa mwalimu wenye nyuso za watu walioshindwa kukataa.

Juu yake alikuwa Bibi Magdalena.

"Mama, unakwenda wapi?" Mwalimu akainuka.

"Nimemfuata mtu wangu."

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba mama yake ana nyumba, ana mwana, si mtu wa kulazwa na waliotupwa. Bibi alivuta kanga, akanyoosha miguu yake mbele ya baraza zima. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, na cha pembeni yake kimejaa madoa meupe yenye kitone cheusi katikati. Tangu Sironka aondoke hakuna aliyechutama. Hata Bwana Daktari, aliyekuwa akitazama saa yake, aliacha.

"Nyumba ifungwe?" Eunike akauliza. Hakuwa na huruma usoni, na hakutaka kuwa nayo.

Mwalimu aliitazama miguu ya mama yake. Kisha akasema isifungwe.

"Basi mwandike Sironka."

Akamwandika, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kama siku zote. Sironka aliitwa, akaja akijifuta mikono, akamwinua koko wake kutoka kwenye machela, akateremka naye. Baraza likatawanyika. Mwalimu akabaki peke yake na Eunike, akamsogelea, akauliza kwa unyenyekevu ambao Eunike hakuwahi kuusikia kwake:

"Mama Bariki, ruhusa ya kuja kumwona ni saa ngapi?"

Eunike alichukua funguo zake mezani, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Wakati wowote, Mwalimu. Ila usije na Zaburi peke yake. Uje na pini."