Tofali Ndani ya Tangi la Samaki

Mama Pacha alifuga samaki kwenye tangi la saruji nyuma ya nyumba, na aliamini samaki ni kama mtoto: asiporukaruka, hanenepi. Basi pampu mpya ilipofika, akaielekeza katikati ya tangi na kuifungulia yote. Maji yakazunguka, yakarudi, yakapigana yenyewe kwa yenyewe. Samaki wadogo wakayumba humo kama walevi, kichwa huku, mkia kule. Chakula walikula, ila nguvu yote iliishia kwenye kujizuia wasipinduke. Haikupita wiki, wakaanza kuelea matumbo juu.

"Huwafugi hao, mwanangu, unawafua," mama mkwe alisema akichungulia.

"Nikizima, mama, watakosa hewa."

Mama Pacha akainama kuwaokota waliokufa. Kiwiko chake kikagonga tofali lililokuwa ukingoni, likatumbukia chubwi! Akasonya, akakunja mkono wa gauni alitoe. Mkono ukabaki hewani. Samaki walikuwa wamejipanga nyuma ya lile tofali, pale mkondo wa maji ulipopungua, wametulia tuli, mikia ikitikisika kidogo tu.

"Tazama wavivu!" mama mkwe akaangua kicheko. "Wamejibanza kama mumeo siku ya kuosha vyombo. Litoe, wafanye mazoezi!"

"Mwanao anajibanza na kitambi kinaongezeka, mama. Waache na hawa wanenepe."

Akaenda kutafuta tofali la pili.