Merle na Kisu Alichokipunguza Makali

Merle Tregenza hakupenda kuambiwa jambo mara mbili, na hata mara ya kwanza alisikiliza shingo upande. Miaka ishirini na sita alinoa visu vya wakata manyoya katika mabanda ya kondoo, kutoka Cobar hadi Bourke, huko Australia. Wanaume walimwachia kazi hiyo wakidhani atachoka. Wakachoka wao.

Mwaka huo timu ya klabu yao ya shabaha ilibakiwa na nafasi moja ya kwenda mashindano ya jimbo, na Merle aliitaka. Aliitaka mpaka chai ikawa haimshuki kooni. Sasa, ganda la risasi likishafyatuliwa hurefuka shingo, sharti likatwe kabla ya kujazwa tena, na yote yawe ya urefu mmoja. Wenzake walinunua vifaa vya kukatia dukani. Merle alitengeneza chake kwa kipande cha chuma, beringi kuukuu na kisu cha mashine ya kuchongea vyuma.

Kisu ndicho kilichozua maneno. Makali yake yalijipinda kama ndoano, yakawa yanaparura midomo ya maganda, maana ganda ni la shaba, na shaba haitaki kung'atwa. Merle akakipeleka kwenye jiwe la kunolea, akaupunguza ule mpindo mpaka makali yakasimama wima.

"Jamani, Merle kanoa kisu mpaka kimekuwa butu!" alicheka Colin Haddrick, nahodha wa klabu, huku mchuzi wa pai ya nyama ukimdondokea shatini. "Nunua cha dukani, bibie, kama sisi."

"Cha dukani kinamfaa asiyejua anachokata. Futa mchuzi kwanza, nahodha, ndipo unifundishe."

Colin akatangaza kwamba mwenye kifaa cha kuungaunga hatachaguliwa. Hilo lilimchoma Merle. Jumamosi akamwaga maganda yake kumi mezani mbele ya klabu nzima, akamkabidhi Colin venia, kile kipimo cha kupimia urefu hadi wa unywele.

"Pima."

Colin akapima yote kumi. Hayakupishana hata unywele.

"Haya, sasa yako."

"Yangu ya nini tena?"

"Pima, Colin. Au yanaona haya?"

Ganda la nne la Colin lilizidi urefu. La sita likapungua. Akaiweka venia chini.

"Sawa, utakwenda," alisema kwa sauti ya chini. "Ila hicho kidude kiache nyumbani. Watu wa mjini watatucheka."

Furaha na hasira viligongana kifuani mwa Merle. Miaka kumi na mmoja jina lake lilikuwa likiandikwa kwa penseli kwenye orodha ya timu, chini kabisa, mahali pa wachezaji wa akiba. Angeweza kunyamaza tu, akaenda.

"Kikibaki, nami nabaki. Wewe nenda na ganda lako la nne. Chagua."

Colin akawatazama wenzake, hakuna aliyemtetea. Akavuta orodha, akachomoa penseli sikioni.

"Kwa wino," alisema Merle.