Barua ya Mafundi Ambayo Mutunga Hakuitia Sahihi

Kabla ya mwaka 2016, mbali kabisa ambako Mutunga alikuwa amefika ni Mombasa, tena kwa mazishi. Alikuwa fundi viatu kutoka Kalama, mwenye kibanda karibu na soko la Machakos, na alijulikana kwa viatu vya shule vya ngozi ambavyo mtoto alivaa mpaka vikambana, bado vizima. Lakini wateja walizidi kupungua. Hatua chache kutoka kibandani kwake viatu vya mitumba vilimwagwa chini robota baada ya robota, na mzazi mwenye watoto wanne hakuwa na muda wa kusikiliza sifa za ngozi.

Mwaka huo marais wa Afrika Mashariki walikubaliana kwamba nchi zao zitapunguza mitumba hatua kwa hatua hadi iishe, ili viwanda vya kwao vipate nafasi. Mafundi wa kila nchi wakaitwa Arusha kutoa maoni yao, na chama cha Machakos kikamtuma Mutunga.

Huko alilala chumba kimoja na fundi wa Kigali, Munyaneza, mtu mpole aliyekagua viatu vya Mutunga hata kabla ya kumsalimia vizuri. Asubuhi, mama mmoja ofisa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki aliwakusanya wote nje ya ukumbi.

"Mkiingia, msiseme kila mtu lake," aliwaambia. "Tukubaliane hapa neno moja. Wakubwa wa nje wakiona nchi moja inayumba, watatuita mmoja mmoja."

Wakamchagua Mutunga alitoe neno hilo. Alisimama akasema mafundi wa nchi zote wako pamoja na hawatarudi nyuma. Alipokaa, Munyaneza alimshika mkono.

"Mzee, umesema na mimi nimesikia."

Mwaka uliofuata wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao. Ikatangazwa kwamba nchi zitakazoendelea na mpango ule zinaweza kupoteza nafasi ya kuuza nguo Marekani bila ushuru. Mutunga aliisikia habari hiyo redioni huku akipiga soli, wala haikumgusa. Aliyeielewa mapema ni binti yake.

Mbithe alikuwa akishona suruali za jinzi katika kiwanda kimoja cha Athi River, na kila suruali iliyopita mikononi mwake ilienda Marekani. Jumapili moja alikuja nyumbani akamfuata baba yake uani.

"Baba, supavaiza ametuambia ushuru ukiwekwa, laini yetu ndiyo ya kwanza kufungwa. Na mimi niko na watoto wawili."

"Hayo ni maneno ya serikali na serikali."

"Si ni wewe ulienda Arusha?"

Wiki hiyohiyo yule mama wa Arusha alikuwa amewaandikia: mafundi wa kila nchi waiombe serikali yao isijitoe katika mpango wa mitumba. Katibu wa chama alishaandika barua ya Machakos. Ilibaki sahihi ya Mutunga, kwa sababu ndiye aliyesema mbele ya wote. Alisema ataisoma kwanza, akaiweka chini ya mafungu ya ngozi. Aliisoma mara nyingi. Kila aliposhika kalamu alimfikiria Mbithe, akaiweka tena. Katibu alimuuliza mara tatu, kisha akaacha kuuliza.

Kenya ikajitoa. Magazeti yalisema ni kwa ajili ya kulinda kazi za maelfu ya watu wa viwanda vya nguo, na Mutunga alijua hapo hayakudanganya. Alijua pia kwamba barua moja ya mafundi viatu isingezuia kitu. Hata hivyo usingizi ulimpaa.

Munyaneza alipiga simu. "Mzee, tuliingoja barua yenu."

"Niko na msichana kwenye kiwanda."

"Hata mimi nina watoto," Munyaneza akasema, akakata.

Nchi nyingine nazo zikalegea, ikabaki Rwanda. Mwaka 2018 Marekani ikaziondolea nguo za Rwanda nafasi ile ya kuingia bila ushuru. Mutunga alimpigia Munyaneza mara mbili, simu ikalia bila kushikwa. Taratibu akaacha kushona viatu vipya, akawa anabandika soli viatu vya mitumba.

Septemba 2025 mpango wenyewe wa kuuza Marekani bila ushuru ukafika mwisho wa muda wake bila kuongezwa. Oda zikapungua kiwandani, na laini ya Mbithe ikaambiwa ikae nyumbani mpaka itakapoitwa. Alikuja kibandani kumpa baba yake habari hizo. Hapo ndipo Mutunga alipomwambia kuhusu barua.

"Ulinyamaza kwa sababu yangu?"

"Nilinyamaza."

"Mimi nilikuambia shida yangu, Baba. Sikukuambia uache."

Mutunga aliinama juu ya kiatu alichokuwa nacho, lakini hakupiga msumari. Mbithe alikaa naye kidogo, kisha akaenda sokoni kuulizia kazi.

Jioni Mutunga alitafuta nambari ya Munyaneza kwenye simu, akaipiga. Sauti ya mashine ilimjibu kwa Kinyarwanda, lugha asiyoijua, ikarudia maneno yaleyale mpaka akaelewa kwamba nambari hiyo haitumiki tena.