Chujio la Gunia la Pareto

Gari la misheni lilikuwa pikapu ya kijani, yenye kiti kimoja kirefu mbele na bodi ya mbao nyuma. Nililiendesha kwa miaka sita kabla sijaitwa kuwa mwinjilisti. Udereva nilijifunza jeshini wakati wa vita. Walitufundisha injini, breki na magurudumu, lakini habari za hewa anayovuta mtu aliyeketi ndani ya gari hakuna aliyetufundisha, maana malori yale ya jeshi mengine hayakuwa hata na vioo. Sisemi hivi ili kujitetea. Nimekwisha kuungama, na ninaamini nimesamehewa. Ninaandika kwa sababu wajukuu wangu wananiuliza bibi yao mzaa bibi amezikwa wapi, nami nimekuwa nikiwajibu kwa maneno mafupi.

Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wetu wa tatu. Mama yake alitoka Lupembe kuja kumhudumia, akafuatana na mdogo wake wa kike. Ilikuwa mwezi wa nane, wakati ambapo kwetu Njombe asubuhi majani yanakuwa meupe kwa jalidi na mchana vumbi linasimama barabarani kama ukuta. Mama mkwe alikuwa na pumu ya siku nyingi. Kwetu alilala jikoni karibu na moto, kwa sababu ya baridi, na moshi ukamfanyia vibaya. Siku ya saba hakuweza tena kulala chali. Alikaa usiku kucha ameinamia magoti, na sisi chumbani tulihesabu pumzi zake.

Bwana daktari wa misheni alimpima kifua akasema dawa anayoihitaji haipo kwetu, iko hospitali kubwa ya Iringa. Gari la wagonjwa lingetoka Mbeya na kupita Makambako siku ya Alhamisi saa sita mchana, naye angepeleka simu ya maandishi ili limngoje. Kazi yangu ilikuwa kumfikisha Makambako akiwa anapumua. Aliniita pembeni akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Vumbi ndilo litakalomuua. Funga vioo, washa hita apate joto. Na utafute chujio la hewa ya ndani. Tangu gari hili lishuke melini hakuna aliyeligusa chujio hilo." Kisha akaondoka kwenda zahanati za mbali, na hakurudi mpaka Jumamosi.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Nilifungua boneti nikalitoa chujio la injini, lile la bakuli la oili. Nikaliosha kwa mafuta ya taa, nikabadilisha oili, nikajiona nimemaliza. Nilipozunguka kanisa mara moja kwa majaribio, vumbi lilinijia usoni kama kawaida. Ndipo nikaelewa kwamba injini inavuta hewa yake, na mtu aliyeketi ndani anavuta nyingine, na njia za hewa hizo ni mbali mbali.

Nilitafuta mpaka adhuhuri bila kuona kitu. Mwishowe niliwasha majani mabichi mbele ya gari, nikawasha na hita, nikaingia ndani, nikafunga vioo na kungoja nione moshi utaingilia wapi. Ulitokea chini ya dashibodi, upande wa abiria, karibu na magoti. Nililala kifudifudi sakafuni nikapapasa. Kulikuwa na boksi la bati lililofungwa kwa nati mbili za masikio, zile za kukazwa kwa vidole. Nati zilikuwa zimeshika kutu, na ya pili ilinichuna ngozi ya vidole. Ndani nilikuta kiota cha panya, na nyuma yake fremu ya waya yenye kitu cheusi ambacho zamani kilikuwa kama blanketi nene. Nilipokigusa kilibomoka kama mkate uliooza.

Chujio jipya lingeagizwa Dar es Salaam, na sisi tulikuwa na siku moja. Nililisafisha boksi, nikaichukua fremu nyumbani ili niivalishe kitambaa kingine. Nilijaribu blanketi nikaona hata nikipuliza kwa kinywa hewa haipiti. Nilijaribu shuka kuukuu nikaona vumbi la barabara yetu litapita lote. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani na mtoto akinitazama. Akainua ukingo wa godoro, akavuta gunia.

Wale waliokaa Njombe siku zile wanalijua gunia hilo. Tulilima pareto, maua yake tukayakausha na kuyapeleka kuuza. Magunia yaliyochakaa hayakutupwa. Kila mama wa nyumba aliweka moja chini ya godoro, kwa sababu unga wa maua uliobaki katika nyuzi ulifukuza viroboto na kunguni. Gunia la pareto lilikuwa alama ya kitanda safi. Mgeni akipewa kitanda chenye gunia hilo alijua ameheshimiwa.

"Kata hili," mke wangu aliniambia. "Hakuna kitambaa kisafi kuliko hiki humu ndani."

Nilimwuliza kama tulifue kwanza.

"Ukilifua dawa inatoka. Na kwa baridi hii litakauka lini?"

Niliona amesema kweli. Nililikung'uta mara mbili mlangoni. Yeye mwenyewe akalikunja safu mbili, akalishona kuzunguka waya kwa mshono wa karibu karibu, mtoto akiwa mapajani. Alikuwa na siku tisa tu tangu ajifungue na hakuruhusiwa kusafiri. Kushona chujio lile ndiyo kazi pekee aliyoweza kumfanyia mama yake. Jioni nilirudisha boksi mahali pake nikakaza nati. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nimepiga magoti sakafuni mwa gari.

Asubuhi likatokea jambo la kuketi. Desturi ya kwetu, mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye ila kwa kupitia mtu. Naye vivyo hivyo kwa mkwewe. Nilimwomba mama mdogo, yule aliyefuatana naye, aketi katikati yetu, asahau kwa siku moja kwamba naye ni mkwe wangu.

Alicheka mpaka akashika mlango. "Niketi goti kwa goti na mkwe, mpaka Makambako? Afadhali vumbi linile nyuma huko. Nikifika mnikung'ute."

Mzee wa kanisa aliyekuja kutuombea alisema katika Kristo hakuna aibu hiyo, lakini hata yeye hakumlazimisha. Wanawake wakakata shauri lao. Walifunga kamba kutoka juu ya kioo cha mbele mpaka nyuma ya kiti, wakatundika kaniki, nguo nyeusi, iwe pazia kati yetu. Mama mkwe akaketi upande wake, mimi upande wangu. Mama mdogo akapanda nyuma na matandiko, amejifunga uso kwa khanga.

Tuliondoka saa mbili. Niliendesha polepole, nikikwepa mashimo. Vioo vimefungwa, hita inavuma, na kwa mara ya kwanza katika gari lile sikuona vumbi juu ya dashibodi. Nilifurahi. Nilikuwa nimelitafuta chujio, nimelipata, nimelitengeneza.

Baada ya kama maili kumi alianza kukohoa. Nilijua ana pumu, kwa hiyo sikushangaa. Kikohozi kikawa kirefu. Macho yangu nayo yalianza kuwasha na pua kutiririka, nikadhani ni mafua ya asubuhi. Nilichofikiri zaidi ni aibu yake. Mama mtu mzima anakohoa na kutema mbele ya mkwewe, hana pa kujificha ila nguo nyeusi. Basi nikaimba, ili ajue kwamba simsikilizi. Nilianza tenzi za kanisani, moja baada ya nyingine, beti zote, na kila alipokohoa zaidi niliimba kwa nguvu zaidi. Mara moja kaniki ilitikisika upande wangu. Nikaona ni mtikisiko wa barabara, nikasogea mlangoni nisiguswe nayo.

Mama mdogo ndiye aliyetusimamisha. Alimwona dadaye kupitia kioo cha nyuma, kichwa kimeangukia mlangoni, akapiga paa la gari kwa ngumi zote mbili. Nilifunga breki. Aliruka chini akafungua mlango, nami kwa mara ya kwanza niliivuta kaniki ile.

Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Shingo ilikuwa imekazwa kwa kutafuta pumzi, na mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa nguo, upande wangu. Kumbe ni yeye aliyeitikisa. Alinitazama usoni, akasema nami, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia kwake katika miaka minane ya ndoa yangu.

"Baba," alisema. "Naomba hewa."

Tulimtoa tukamlaza kwenye majani, kichwa juu ya mapaja ya mdogo wake. Mama mdogo aliingiza kichwa ndani ya gari akanusa. Akanusa tena. Nami niliponusa nikitokea kwenye upepo wa nje, ndipo nilipousikia ule ukali mkavu, ule wa banda la kukaushia maua, uliopashwa moto na hita na kusukumwa moja kwa moja magotini pake. Nilifungua zile nati kwa vidole, nikaling'oa chujio, nikalitupa chini ya kiti.

Safari iliyobaki tulikwenda vioo wazi, mama mdogo akiwa ndani, katikati, goti lake kwenye goti langu. Vumbi lilituingia lote. Tuliloweka khanga kwa maji ya mtungi tukamfunika uso. Tulifika Makambako saa sita kasoro kidogo. Pale njia panda palikuwa na maduka machache ya mabati, na gari la wagonjwa lilikuwa limesimama kivulini likitungoja. Dresa, msaidizi wa tabibu aliyefuatana nalo, alimpokea mgonjwa kwa upole mwingi. Aliponiuliza njiani alivuta nini, nilimletea chujio. Alilishika mbali na uso wake.

"Kwenye mabanda ya pareto mwenye pumu haruhusiwi hata kufagia," alisema. "Hukujua?"

Nilimjibu sikujua. Alinitazama kidogo, akaniambia nimshike mgonjwa miguu tumpandishe. Nilimshika miguu mama mkwe wangu, jambo ambalo pia halikuwahi kufanyika. Alipumua kwa vipande vipande. Mama mdogo akapanda naye, nami nikarudi Njombe peke yangu kwa sababu gari lilihitajiwa.

Alikufa Iringa siku ya nne. Habari ilikuja kwa simu ya maandishi, naye alikwisha kuzikwa. Dresa wala daktari hakuna aliyeandika kwamba ni pareto. Huenda angekufa hata kama chujio lingekuwa jipya la kutoka kiwandani. Nimeliwaza hilo miaka mingi. Mama mdogo alipita kwetu akirudi Lupembe, akalia pamoja nasi, hakusema alichonusa.

Mke wangu aliniuliza habari za safari, nikamweleza barabara, dresa, na saa tuliyofika. Chujio sikulitaja. Nilijiambia ninamhurumia, kwa kuwa gunia lilikuwa lake na mshono ni wake. Lakini kila Chakula cha Bwana kilipotangazwa sikupeleka jina langu liandikwe kati ya washiriki. Nilisingizia safari za gari. Mara ya tatu mchungaji alinifuata gereji, akaketi juu ya tairi, nikamweleza yote. Hakunikemea. Alisema Mungu amekwisha kusikia, bado mtu mmoja.

Nilimwambia mke wangu siku hiyo hiyo, akimenya viazi. Nilimweleza kuanzia moshi wa majani mpaka mkono ulioshika kaniki, na jinsi nilivyokuwa nikiimba. Hakuinua macho. Viazi viliendelea kumenywa mpaka kapu likaisha.

"Alikuita baba?" aliniuliza.

"Aliniita baba."

Akaweka kisu chini, akalia, na sikujua analia kwa lipi katika yote niliyosema. Habari ya gunia hakuitaja siku ile wala siku nyingine yoyote. Jumapili iliyofuata tulikwenda mezani pa Bwana wote wawili. Ninashukuru kwa hilo kila ninapolikumbuka.

Mwaka uliofuata tulipata nafasi ya kwenda Iringa. Mlinzi wa makaburi ya hospitali alikuwa mzee mkarimu. Alituonyesha safu nzima ya vilima vya udongo visivyo na misalaba, akasema wa miezi ile wako hapo, zaidi ya hapo yeye hana la kutuambia. Mke wangu alitembea mpaka mwisho wa safu, akarudi, akatembea tena. Kisha alisimama penye kilima kimoja kilichoota majani, akaniuliza ninaonaje. Nilimwambia sijui.

Akapiga magoti hapo hapo. Katika kanisa letu hatuwaombei waliokufa, tunashukuru tu kwa ajili yao. Nami nikapiga magoti kando yake, nikamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu aliyelala pale, yeyote awaye.